Atakayekanda ni Recho

Jumatano, 21 Mei 2025

Tanuri limekauka! Leo tumewasha moto wa kwanza, mdogo tu, wa kulizoesha. Halikupasuka. Ufa mmoja mwembamba juu ya mlango — Recho kaupaka udongo mbichi kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Matofali tulifyatua wenyewe bondeni, tope mpaka magotini. Banda ni la mzee Hashimu, mwenye duka la jumla hapa Kasulu. Tumepanga kwake. Lakini tanuri ni letu.

Maseremala wa jirani wanacheka tangu siku ya kwanza. Leo pia nimewasikia: mmoja kaachika, mwenzake ana kifafa, eti wanafungua kiwanda. Wacheke. Meno ni yao.

Naandika humu kwa sababu nikimwambia Recho jinsi nilivyofurahi ataanza kulia, na mimi nitamfuata.

Ijumaa, 23 Mei

Mikate ya kwanza iliungua chini. Iliyofuata ilikuwa mibichi katikati. Halafu — hii ya mchana! Imeumuka, rangi ya kahawia, ukiugonga mgongoni unalia kama ngoma ndogo. Recho kamega mmoja ungali wa moto, kaupuliza, kasema, "Mwatumu, huu ni wa kuuza kweli."

Nikampelekea mzee Hashimu. Kwao ni Tanga, mkate anaujua. Kala hadi akamaliza. Eti toka ahamie huku hajala boflo, mkate wa pwani, kama ile. Bi Zuleha, mkewe, kaagiza wa kesho hapo hapo.

Utaratibu wetu ni mmoja: Recho anakanda, mimi naoka. Yeye mezani, mimi motoni. Moto hausogelei hata mkate ukiwa unaungua. Ana kovu toka kiwikoni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Aliangukia jiko kwao akiwa msichana, mama yake kaenda kisimani. Ugonjwa haumpigii hodi.

Lakini mikono yake! Mabega kama ya mbeba magunia. Ngano ikipita mikononi mwake inalainika mpaka inang'aa. Nikikanda mimi, mkate unatoka tofali.

Jumanne, 27 Mei

Walimu wananunua. Manesi wananunua. Wenye vibanda vya chai stendi wanakuja na ndoo zao zenye mifuniko. Watu wanaita "mikate ya Mwatumu". Kila mara nasahihisha: ya Recho. Mimi nawasha kuni tu.

Leo tunapaka trei mafuta, ghafla kaniuliza, "Kule Kibondo ulikuwa na kazi yako. Ulinifuata ya nini?"

Kibondo ndiko tulikokutana, kwenye hoteli ya chakula ya Mama Saady. Mimi nilikuwa kwenye sufuria za wali, yeye chapati na vyombo. Siku aliyoanguka mbele ya wateja jino lake la mbele lilikatika kwenye sakafu. Mama Saady akalichukua bakuli la chakula la Recho, hakuliosha, akalitupa shimoni. Akamwambia asirudi tena. Nikavua aproni. Sikufikiri! Tukapanda gari la Kasulu wote wawili.

Nilimjibu: nilikufuata kwa sababu chapati nikipika mimi, hata mbwa hazilambi. Kacheka, mkono juu ya pengo.

Jibu lenyewe ni refu. Nilipoachika kwa kukosa mtoto, kila ndugu alikuwa na la kusema. Recho alisogea ukutani akanipa nusu ya kitanda chake, akasema, "Lala." Hakuniuliza kitu, mpaka leo. Jibu kama hilo humpi mtu ameshika trei.

Mimi ndoto yangu ni duka lenye kioo mbele, watu waone mikate wakiwa barabarani. Recho anataka kitu kingine. Anataka mahali ambapo akianguka watu hawakimbii.

Alhamisi, 5 Juni

Sijui nianzie wapi.

Oda za Idi. Tulikuwa tumezidiwa kwa siku nzima, jana hatukupumzika. Asubuhi foleni ilifika kwenye mlango wa maseremala. Recho anakanda, mimi natoa trei. Nikasikia ule mlio — naujua, kama mtu aliyepaliwa — na meza ikasukumwa.

Kaangukia upande. Unga ukammwagikia. Nikamlaza ubavu, nikamwekea kitenge chini ya kichwa, nikasogeza benchi asijigonge. Hakuna zaidi ya hapo la kufanya, unasubiri tu. Nesi alinifundisha: usimshike kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni.

Wakapiga kelele. "Msimguse! Mate yake hayo!" Foleni ilirudi nyuma yote kwa pamoja. Mwanamke mmoja kainua simu, anarekodi. Anarekodi!

Nikasimama mbele ya Recho, unga mpaka kwenye nyusi. Nikawaambia kifafa hakiambukizi. Nalala naye chumba kimoja, nakula naye sahani moja, mmeniona mimi naanguka? Ngano aliyokuwa anakanda nikaimwaga mbele ya macho yao, nikasema nitakanda nyingine. Hakuna aliyebaki kusubiri.

Alipozinduka kauliza, "Wameona?"

Nikasema ndiyo.

Kageukia ukutani.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nimeswali, nimerudi. Mikate imepangwa mezani chini ya kitambaa. Hakuna mtu.

Video imezunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp hapa mjini. Wamemwekea na maneno ya kucheka chini yake. Bi Zuleha katuma ujumbe: wageni wake hawatakula mkate mwaka huu, wana pilau ya kutosha. Wageni walewale aliowaagizia mikate wiki iliyopita.

Tukakaa wawili tukala mkate na maharage. "Idi njema, Mwatumu," Recho kasema. Macho yamevimba.

Mchana kaja Pasikali, yule seremala anayecheka kuliko wote. Kasimama mlangoni kwanza. Kisha kaingia, kachukua mkate, katoka nao nje, kaula katikati ya barabara watu wakimtazama, mpaka ukaisha. Karudi kuchukua wa pili.

"Mama yangu alikuwa nacho kifafa," kasema. "Tulikuwa tunamficha."

Nikataka kumuuliza kwa nini basi alikuwa anatucheka. Nikaona jibu analo usoni.

Jumatatu, 9 Juni

Mzee Hashimu kaniita dukani, peke yangu. Kanipa kiti, soda, heshima zote. Nikajua ni habari mbaya.

Kasema ananipenda kama mwanawe. Kasema mkate ni mzuri na mji una kumbukumbu fupi. Nikimtafuta msichana mwingine wa kukanda, mwezi mmoja tu watu watarudi. Banda atanipa lote, na chumba cha nyuma. Umeme atavuta. Na mbele — nusura nianguke — ataweka kioo. Sijawahi kumwambia habari ya kioo! Labda kila mwenye duka anaota kioo.

"Na Recho?"

Kazungusha tasbihi. Eti Recho ana ndugu zake Nyabibuye, ni watu wake, watamtunza. Kila mtu ana kwao.

Nikaweka soda chini. Nikasema, "Mzee, shikamoo, na asante. Atakayekanda ni Recho. Kama si yeye, hakuna mkate."

"Usinijibu kwa hasira, mwanangu."

"Sina hasira. Hilo ndilo jibu."

Mwongo mimi! Hasira ninayo mpaka sasa. Basi, kasema, tuhame mwisho wa wiki. Lakini tanuri haling'oki, limejengwa kwenye ardhi yake, litabaki na banda. Tayari kuna mtu analitaka.

Recho kaniuliza mzee kasemaje. Nikamwambia yote, hata kioo. Sikutaka asikie kwa watu. Kisha kaanza kufagia banda, pembe zote, na chini ya meza.

Jumanne, 10 Juni

Recho hayupo.

Nimeamka, upande wake wa kitanda umetandikwa. Begi hakuna. Kanga zake hakuna. Vidonge kachukua. Kadi ya kliniki kaiacha kwenye mkoba wangu, inakokaa siku zote.

Nimekimbia stendi. Shamsi mkata tiketi kamwona: kapanda gari la kwanza la Kibondo. Nikamuuliza, alikuwa analia? Hapana, kasema Shamsi, alikuwa anatabasamu, kasema anaenda kusalimia nyumbani.

Kapiga hesabu ya kujitoa njiani mwenyewe! Nani kamtuma? Nani?

Jumatano, 11 Juni

Nimebomoa tanuri.

Naandika ili nijue kweli nimefanya. Asubuhi kaja mpangaji mpya na mzee Hashimu, wanalizunguka, wanalipapasa kama ng'ombe wa mnada. Mpangaji kasema limejengwa na fundi hodari. Mzee kaitikia, "Fundi hodari kweli." Hakutaja jina.

Nikaenda kwa Pasikali kuazima nyundo. Kauliza ya nini. Nikamwambia. Kaniangalia, kanipa ile kubwa.

Pigo la kwanza lilikuwa gumu. Hata mkono haukutaka. Mzee Hashimu kapiga kelele, bi Zuleha katoka na kanga mdomoni, watu wamejaa — ile foleni yangu yote imerudi! Nikasema, ardhi ni yako mzee, ichukue. Udongo huu tulibeba sisi. Maji tulibeba sisi. Nikaendelea. Moshi uliolala mle ndani ukatoka vumbi jeusi, nikawa mweusi mpaka kope.

Katikati nililia. Sikuacha.

Pasikali kaja nyuma yangu, kasema taratibu, usivunje yaliyo mazima. Kaanza kuyatoa moja moja, anayapanga nyuma ya karakana yake. Hakuna aliyemwomba. Mzee kamtishia kumwita mwenyekiti wa mtaa. Pasikali kasema amwite tu, na yeye aje na nyundo.

Sasa hakuna kitu. Duara jeusi chini. Kesho naenda Kibondo.

Alhamisi, 12 Juni. Kibondo

Nilikuwa nimeapa sitakanyaga tena hoteli ya Mama Saady. Leo nimekanyaga, kwa kuwa magari ya Kasulu yanasimama mbele yake na yeye haoni mtu akapita bila kumjua.

"Mwakeye," nikamsalimia kwa Kiha, makusudi, maana aliwahi kutukataza kuzungumza Kiha mbele ya wateja.

Kaniangalia toka kichwani mpaka miguuni. "Bado unamfuata yule?"

"Bado."

Kasema Recho alishuka juzi, kakaa kwenye benchi la nje. Hakuingia. Kaka yake, Nicodemus, ndiye aliyemfuata kwa pikipiki. Huyo Nicodemus kazungumza sana: dada yake amerudi, sasa atapona. Kuna mchungaji kaanzisha maombi kule kwao. Sharti la kwanza, vidonge basi. Mwenye vidonge mfukoni hana imani.

Nilishika meza.

"Mbona umekuwa hivyo?" Mama Saady kauliza.

Nikamwambia alichonieleza nesi: vidonge vile haviachwi ghafla. Ukiviacha, kifafa kinarudi kwa hasira, unaanguka, unazinduka, unaanguka tena, na mwisho huzinduki. Mama Saady kanimiminia chai, nikaiacha. Kisha kasema, bila kuniangalia, jirani yake anafanya kazi zahanati, twende.

Kadi imesaidia. Nina vidonge. Nimemwambia Mama Saady asante, kwa sababu ni haki yake. Kuhusu lile bakuli sijamsamehe, na nimemwambia hilo pia.

Ijumaa, 13 Juni. Nyabibuye

Nimefika. Bodaboda kutoka Kakonko, vumbi mpaka kwenye meno.

Recho yuko kwenye mkeka, kivulini mwa migomba. Ulimi kauuma, mdomo umevimba, anasema kama mtu mwenye ugali mdomoni. Wifi yake, mke wa Nicodemus, kaninong'oneza: tangu jana anaanguka na kuanguka.

Kaniona. Badala ya kufurahi kakunja uso.

"Rudi. Tanuri unamwachia nani?"

"Halipo."

"Halipo vipi?"

"Nimelibomoa."

Jamani! Kainuka na kiwiko, macho yamewaka. "Mwatumu! Mjinga wewe! Mimi nimekuja huku kuoza ili upate tanuri, wewe unalibomoa?"

"Nani alikwambia nataka tanuri bila wewe?"

"Sikuuliza!"

"Ndiyo shida yako. Hukuuliza."

Tuligombana mpaka kuku wakakimbia. Katukana kwa Kiha, nikamjibu kwa Kiha. Wifi yake anashangaa, eti toka afike hajasema maneno mengi namna hiyo. Mwisho Recho kachoka, karudi chini. Kauliza polepole matofali yako wapi. Nikamwambia kwa Pasikali, mengi ni mazima. Kafumba macho.

Nikatoa kidonge na kikombe cha maji. Kakitazama. Mlangoni mwa nyumba katokea Nicodemus.

Jumamosi, 14 Juni

Kakimeza. Mbele ya kaka yake.

Nicodemus si mtu mbaya, naandika hili ili nisije nikamsingizia. Hakupiga mtu. Kakaa kwenye kinu, kichwa mikononi. "Mimi ndiye niliyemzika mama," kasema. "Mama alimeza vidonge vya kila aina na nikamzika. Unataka nimzike na huyu?" Nikamwambia sitaki azikwe na mtu yeyote, ndiyo maana nimekuja. Kasema wewe ni Mwislamu, hujui maombi yetu. Nikasema omba, omba hata na mimi nitaitikia amina, ila vidonge ameze.

Hapo tulikuwa karibu kuelewana. Nusura! Kisha wakaja watu wa maombi, watatu hivi, wakamvuta pembeni. Aliporudi alikuwa mwingine. Eti nimemroga dada yake. Nilimtorosha Kibondo, nikamtumikisha Kasulu, sasa nimekuja kumrudisha. Wanawake wawili wanaishi pamoja, hakuna mume, hakuna mtoto, hiyo ni nini?

Nikamwambia hiyo ni biashara ya mikate.

Kaenda kushtaki ofisi ya kijiji.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani wamemtaja Recho, eti hana imani. Wifi yake kasikia. Ninalala kwenye jiko lao, sijafukuzwa, sijakaribishwa.

Recho hajaanguka leo. Hata mara moja.

Jumatatu, 16 Juni. Ofisi ya kijiji

Tuko hapa toka asubuhi. Wametutoa nje wanashauriana, naandika kwenye benchi.

Ndani ilikuwa hivi. Mwenyekiti, mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Wajumbe kwenye viti vya plastiki. Nicodemus kaeleza, kaeleza vizuri, hata mimi nilimwonea huruma. Anataka dada yake abaki nyumbani kwa ndugu zake, na mimi nipigwe marufuku kukanyaga hapa. Hakuna aliyemuuliza Recho neno. Alikuwa amekaa kwenye kona, wanamtaja kama mbuzi aliyepotea.

Mwenyekiti kanigeukia. "Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana."

"Ukoo mmoja? Dini moja?"

"Hapana."

"Umeolewa kwao?"

"Hapana, mzee."

"Sasa wewe ni nani wake?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikasema, "Mimi ndiye ninayemlaza ubavu akianguka. Nyie mliomo humu, nani amewahi kumlaza ubavu? Nani anajua anapenda alazwe upande gani?"

Mjumbe mmoja kacheka. Wenzake hawakucheka. Mwenyekiti kavua miwani, kaifuta, kavaa tena. Nicodemus kainamisha kichwa.

Nikaongeza — pengine sikupaswa — kwamba wakinipiga marufuku nitakaa barabarani, barabara si ya kijiji, ni ya serikali. Na kila siku nitamwita kwa sauti mpaka ameze vidonge. Hapo ndipo walipotutoa nje.

Recho yuko pembeni yangu. Nimemuuliza anataka nini. Twende Kasulu? Hakuna banda huko, nikamwambia ukweli, hakuna chochote, ni matofali tu na seremala mmoja. Abaki hapa? Kasema, "Subiri kwanza. Nafikiri." Sijawahi kumwona anafikiri hivyo, mikono imetulia magotini, viganja juu. Nicodemus kasimama kwenye nguzo, hatuangalii.

Mlango umefunguliwa. Mjumbe kasema: kaka wa mgonjwa aingie, peke yake, asikie uamuzi.

Nikainuka. Kaninyooshea kiganja: wewe hapana.

Recho kasimama. Anayumba kidogo bado. Nikataka kumshika, kautoa mkono wangu. Kampita Nicodemus mlangoni, kampita na mjumbe, kainama kidogo maana mlango ni mfupi kwake. Nicodemus kabaki nje nami, mdomo wazi. Tunaangaliana, yeye na mimi.

Mjumbe anamwambia atoke. Kiti kimesogezwa. Sasa namsikia Recho, ulimi bado mzito, anasema polepole kila neno lifike:

"Mimi ndiye mgonjwa. Naitwa Recho. Nimekaa hapa tangu asubuhi na hakuna aliyeniuliza ninachotaka. Sasa nasema mwenyewe."